Nikisahihisha Karatasi ya Njia

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayenifuata, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Kihesa, si mbali na soko. Jioni moja alikuja nyumbani na karatasi mbili zilizobanwa pamoja, akaniamkia, akakaa, akanywa chai hadi ikaisha, ndipo akazitoa. "Mjomba," akasema, "wewe ni mwalimu. Nisahihishie." Yalikuwa maelezo ya safari ya siku saba kwa baiskeli, safari ambayo anakusudia kuwauzia wageni wanaopenda kuvuka milima kwa magurudumu mawili katika barabara zisizo na lami. Njia inaanzia hapa Kihesa na kuishia Chimala, mkoani Mbeya, kwa kupitia Kilolo, Mufindi, Njombe, Makete na uwanda wa juu wa Kitulo.

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na kalamu nyekundu sikuitupa nilipostaafu. Lakini najua mpwa wangu hakuniletea karatasi zile kwa ajili ya tahajia. Alizileta kwa sababu anafahamu kwamba kabla sijawa mwalimu nilikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, na kwamba mlima wa Nyang'oro nimeupanda nikisukuma baiskeli mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Haya ninayoyaandika basi ndiyo uhakiki wangu wa kazi yake. Sehemu nilimwambia kwa mdomo jioni ile ile. Mengine niliyabakiza, kwani alikuwa na haraka ya kwenda kufunga kibanda.

Huenda msomaji akauliza: je, njia nayo huhakikiwa? Kitabu huhakikiwa, ngoma huhakikiwa, hata hotuba ya arusi huhakikiwa na wenye midomo yao. Njia si ipo tu, ikamngoja apitaye? La hasha. Anayewachagulia wenziwe njia amechagua waone nini kwanza na nini mwisho, wachoke wapi na wapumzike wapi, wakutane na nani na nani wampite bila kumwona. Kazi hiyo haina tofauti kubwa na ya mtambaji wa hadithi. Naye mtambaji huulizwa, kwa nini ulianzia hapo?

Nianze na sifa, maana kijana anastahili. Siku ya kwanza ameiweka Kilolo, na hapo nampa alama zote. Mtu anateremka kutoka mjini hadi Ipogolo, anavuka barabara kuu ya Zambia yenye malori yake, kisha anaanza kupanda mgongo baada ya mgongo hadi kwenye ukungu. Joto la bonde la Ruaha Ndogo linabaki nyuma, udongo unakuwa mwekundu zaidi, na mashamba ya mahindi yanapisha viazi na njegere. Kupanda kule ni kwa adabu. Mlima haumpigi mgeni kofi mlangoni. Unampandisha kidogo, unamshusha kidogo, unampa kijito, ndipo unampandisha tena. Wageni watalala na miguu inayouma lakini hawatamlaani aliyewaleta. Siku ya pili na ya tatu, za kuelekea Mafinga na kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, sina la kusema, nazo zenyewe hazisemi mengi: mikaratusi, mipaina, malori ya magogo, baridi. Kipande cha Njombe na Makete sasa kina lami, na kijana amefanya juhudi ya kukikwepa kwa vijia vya vijijini. Sawa.

Kasoro ya kwanza niliyoizungushia wino mwekundu ni ya maneno. Kila mahali ambapo njia inavuka mgongo wa mlima na kuanza kushuka upande wa pili, yeye ameandika "kilele". Kilele ni ncha ya mlima, mahali ambapo huna tena pa kupanda. Pale anapopasema yeye, mlima bado umesimama kulia na kushoto; njia ndiyo iliyotafuta penye nafuu ikapenya. Nilikaa na kalamu mkononi nikitafuta neno la kumwandikia badala yake, nikakuta sina. Wazungu wana neno lao moja kwa mahali pa namna hiyo, nasi tuna majina tu. Tunasema Kitonga. Tunasema Nyang'oro. Tunasema Hamsini na Saba. Hatusemi "nimefika pa kuvukia mlima", twasema "nimeimaliza Nyang'oro", kama mtu aliyemaliza deni. Nikamwandikia pembeni: taja jina, acha kilele.

Neno "changarawe" nalo limemponza. Ameandika kwamba njia yake ni "ya changarawe asilimia tisini". Changarawe ni neno la wahandisi na la wachimba mchanga. Barabara isiyo na lami sisi huiita barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha hakuna anayeiita barabara, ila utelezi. Katika siku moja ya njia hiyo mtu atakanyaga kokoto zinazoviringika chini ya tairi kama njugu, atakanyaga udongo uliopigwa na jua ukawa kama sakafu, atakanyaga vumbi laini linalomeza gurudumu hadi rimu, na atapita juu ya vile vijituta vinavyofuatana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, ambavyo magari huvichonga yenyewe kwa kudundadunda kwa mwendo mmoja. Kila kimoja kati ya hivyo kinataka breki yake na moyo wake. Ukiviita vyote changarawe hujamwambia mgeni kitu.

Kasoro ya pili ni ya majira, na hii si ndogo. Karatasi inaahidi kwamba siku ya sita mgeni ataona "maua ya Kitulo yaliyotandikwa kama zulia" na kwamba barabara itakuwa "kavu na ya kuvutia". Vyote viwili kwa siku moja! Kitulo iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 inajulikana zaidi kwa maua yake, na maua hayo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi au Aprili. Huko juu, kwenye mita zipatazo 2,600 kutoka usawa wa bahari, mvua si manyunyu. Mwenye kuja Julai atapata barabara kavu, anga safi, na asubuhi umande ulioganda juu ya majani. Maua atayaona kwenye picha. Mwenye kuja Februari atapata maua, naye ataibeba baiskeli begani, maana tope la huko hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Mpwa wangu achague. Tena kama atachagua mvua, awaambie pia kwamba huo ndio wakati ulanzi unapotoka vizuri, jambo ambalo kwa wageni wengine lina uzito kuliko maua.

(Nilimwambia vilevile kwamba akiwataja okidi awataje kwa ukamilifu. Mizizi yao ilichimbwa kwa magunia ikapelekwa Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mahali pale kulindwa. Alishangaa. Alidhani maua ni ya kupiga picha tu.)

Sasa nije kwenye kasoro ya tatu, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ili nieleweke sina budi kurudi nyuma.

Barabara ya Dodoma inapita hapa Kihesa. Katika enzi ya Mwingereza ilihesabiwa kuwa kipande cha ile njia kuu iliyotarajiwa kwenda toka Cape hadi Cairo, lakini kwetu sisi ilikuwa njia ya Mtera. Ukitoka Kihesa unapita Nduli penye kiwanja cha ndege, unaendelea katika nyanda za juu zenye upepo, halafu ghafla nchi inakatika. Hapo ndipo Nyang'oro. Iringa iko kwenye mita kama 1,600, nalo bwawa la Mtera likijaa huwa kwenye mita 698 na nusu, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa inakungoja pale kwenye kona zile. Bwawa lilipojaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavuvi walihamia, na kijiji cha Migoli kikawa soko la perege na kambale. Kutoka Kihesa hadi Migoli ni kilometa kama 95. Tuliondoka alfajiri bila mzigo, tukafika jioni, tukalala, tukanunua, tukarudi kwa siku mbili.

Baiskeli zetu zilikuwa Phoenix za Kichina na Raleigh za zamani, zisizo na gia, zenye breki za vyuma vinavyosukuma vipande vya mpira kwenye rimu. Miaka ile vipande hivyo havikupatikana madukani, kama ambavyo sabuni na sukari havikupatikana. Tulikata tairi kuukuu la gari, tukalichonga kwa kisu, tukapachika. Mpira ule ukishapata joto uliteleza kama sabuni tuliyoikosa. Hapo iliingia breki ya kandambili, yaani unanyoosha mguu na kuukandamiza kwenye tairi la mbele hadi unanusa soli inaungua. Wengine walifunga tawi la mti nyuma ya keria liburute. Kupanda tulisukuma. Mtu mwenye matenga mawili ya samaki kwenye keria, kilo themanini au zaidi, haendeshi baiskeli mlimani. Anaiegemea kwa bega, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya mzigo, akitazama chini, hatua kwa hatua. Kichwa hakiinuki. Hilo nataka likumbukwe.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka ishirini na miwili, niliteremka Nyang'oro peke yangu bila mzigo. Sehemu ya juu niliteremka kwa hadhari, nikishuka chini kila breki ilipopata joto, kama nilivyofundishwa na waliotutangulia. Ajali haikutokea huko. Ilitokea chini, pale mibuyu inapoanza kuonekana na macho yanakwisha kuiona tambarare. Mtu akiiona tambarare anadhani mlima umekwisha. Niliachia. Baiskeli ilianza kuimba, kokoto zikiruka pembeni, upepo ukinijaza shati, nami nilicheka peke yangu kwa sauti. Naikumbuka hiyo furaha, na sitaki kusema uongo kwamba haikuwa furaha. Kwenye kona niliyodhani ni ya mwisho alikuwepo mzee mmoja akisukuma mzigo wake. Kichwa hakikuinuka hadi nilipopiga kelele. Mimi nilipita. Yeye aliruka kando, baiskeli yake ikamvuta na kumwangukia, kisha ikaviringika korongoni na matenga yote mawili.

Nilirudi nikimkuta ameketi, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevunjika, hata asiye daktari aliona. Nilitegemea matusi. Aliniangalia kwa muda mrefu, akaniuliza, "Ulikuwa unakimbilia samaki gani? Wamo ziwani, hawaendi popote." Halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilikusanya samaki waliosalia, nikausukuma mzigo wake hadi juu, nikamwachia pesa zote nilizokuwa nazo za kununulia, nikarudi Kihesa na keria tupu. Kwa miaka kadhaa baadaye nilimwona sokoni. Mkono ule haukukunjika tena sawasawa. Alihesabu pesa kwa mkono wa kushoto, taratibu, wateja wakingoja. Sisi wawili tulisalimiana vizuri. Hakuna aliyelitaja jambo lile, na sijui kama watoto wake walipata kujua. Mwaka uliofuata niliomba nafasi ya chuo cha ualimu.

Sasa tazama karatasi ya mpwa wangu. Kwa kila siku ameandika mita za kupanda, kwa fahari: siku hii mita kadhaa, siku ile zaidi. Mita za kushuka hakuandika hata moja. Kushuka kwake ni zawadi, ni halua baada ya chakula. Na zawadi kubwa kuliko zote ameiweka siku ya saba: kutoka Matamba hadi Chimala, kona hamsini na saba, ambazo mgeni atazishuka, nanukuu, "kama ndege". Nilipolisoma hilo niliweka kalamu chini.

Hamsini na Saba naifahamu. Mwaka 2009 niliipanda, sehemu kwa miguu na sehemu nyuma ya lori la wenyeji waliotuhurumia. Ukisimama Chimala, kando ya barabara kuu, unaona tambarare za Usangu zimelala nyuma yako na ukuta umesimama mbele, na juu ya ukuta kuna mstari uliokunjwakunjwa kama utumbo. Kama kazi ya mkono wa binadamu ni barabara nzuri, nami nasema hivyo nikiilinganisha na Kitonga. Kitonga, iliyojengwa pamoja na barabara ya Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake wa hila mwaka 1965 na Zambia kukosa njia ya mafuta, ilitengenezwa kwa ajili ya lori. Inajibana kwenye ubavu wa mlima na kupanda, na mwenye miguu hakuhesabiwa kabisa. Pa kusimama ni pa nyani. Hamsini na Saba inapanda kama mtu mwenye mzigo apandavyo. Inakwenda upande mmoja hadi pumzi ikwishe, inageuka, inakwenda upande mwingine. Kila kona ni pa kupumzikia, na watu hupumzika hapo kweli. Tena wameihesabu. Mlima mwingine hupewa jina na mwenye nao au na aliyeutawala. Huu ulipewa jina na aliyeupanda, kwani anayeshuka hahesabu kona.

Na hiyo hiyo ndiyo hatari yake kwa anayeshuka. Nafuu ya kona ile iko upande wa nje. Upande wa ndani njia inasimama wima kidogo zaidi, na kokoto zote zinazosukumwa na magurudumu hukusanyika hapo. Huwezi kuona kona inayofuata mpaka umo ndani yake. Ndani yake mna mama mwenye kichanga mgongoni na ndoo kichwani, kijana anayesukuma baiskeli yenye gunia, mzee aliyekaa jiwe lake la kawaida. Mgeni wa mpwa wangu anakuja na breki za kisasa zinazoshika vizuri kuliko zangu za 1986, sikatai. Lakini breki nzuri humzidishia mtu mwendo, haimpunguzii.

Sisemi hivi kwa woga wa uzee. Mchezo huu wa mbio za barabara za vumbi sasa ni mkubwa duniani, na Afrika ya Mashariki imo. Mwaka 2021 yalianzishwa Kenya mashindano ya Migration Gravel Race, ya siku nne katika nchi ya Maasai Mara, ambayo vijana wetu walishindana na wakali wa Ulaya na Marekani bila kuona haya. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele katika jambo hilo alikuwa Suleiman Kangangi, Mkenya, nahodha wa timu ya Amani. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mashindano ya namna hiyo huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33, na hakuwa mwanafunzi wa baiskeli kama nilivyokuwa mimi. Mpwa wangu ana picha yake ukutani kibandani. Nilimwonyesha picha ile kwa kidole, nikakaa kimya. Labda sikumtendea haki.

Kuna jambo jingine nililomwuliza, na hili ni la kuteta zaidi kuliko kusahihisha. Kwa nini njia inayoanzia Kihesa haipiti Nyang'oro? Alinijibu upesi: Nyang'oro ni lami, Mjomba. Ni kweli. Barabara ya Iringa na Dodoma, kilometa 260, iliwekwa lami kipande kwa kipande, na kipande chetu cha kupitia Migoli hadi Fufu kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Wageni wake hawataki lami. Nikamwuliza, wanataka nini katika vumbi? Akasema wanataka upweke. Wanataka mahali ambapo hakuna magari, hakuna watu, wasikie pumzi zao wenyewe.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tunaisifu barabara moja kwa sababu mbili zinazopingana. Nyang'oro ya vumbi haikuwa na upweke hata siku moja. Basi kutoka Dodoma lilipanda kwa gia ya kwanza, likinguruma na kutoa moshi, nasi tuliokuwa tukisukuma tuliachwa polepole sana. Utingo aliyening'inia mlangoni alituuliza bei ya samaki. Tulimtajia, akaguna, basi likapinda kona. Tuliokuwa tumetangulia kona ya juu tuliulizwa tena, na kabla basi halijaimaliza Nyang'oro bei ilikuwa imekwishaafikiwa na samaki wamepandishwa dirishani. Mwenye gari, mwenye baiskeli, mwenye punda na mwenye miguu, wote walikwenda mwendo unaokaribiana, kwa sababu mlima na mawe vilikataa mwingine wowote. Wema ule, kama ni wema, ulikuwa wa kupanda. Kushuka, kama nilivyokwisha kukiri, tulirudi kuwa wanyama.

Sililii vumbi. Nakumbuka mama mjamzito aliyetolewa Izazi kuletwa hospitali ya Iringa katika lori la mkaa, na najua alichukua muda gani kufika. Leo safari ile ni ya asubuhi moja na kurudi, na hakuna mtu mwenye akili timamu Migoli anayetaka lami ing'olewe ili wageni wapate kokoto. Lakini nimepanda Nyang'oro ya leo pia, na baiskeli haina pake. Mabasi yanapita kama yamefukuzwa, mwenye kusukuma amebanwa kati ya mstari mweupe na mtaro, na utingo hana nafasi hata ya kuguna. Wahandisi waliutazama mlima kwa jicho la anayeupita. Mpwa wangu, katika karatasi yake, ameutazama kwa jicho la anayeushuka. Hakuna kati yao aliyeutazama kwa jicho la yule asiyeinua kichwa.

Pendekezo langu lilikuwa fupi, na nililiandika kwa wino mwekundu chini ya ukurasa wa pili: geuza njia. Waanzie Chimala. Waipande Hamsini na Saba siku ya kwanza, wasukume kama watu wengine wanavyosukuma, wapumzike kwenye kona pamoja na mama mwenye ndoo, wapeane maji, waulizane watokako. Kitulo waifikie wakiwa wamechoka na wamekwisha kuamkiana na nusu ya Matamba. Kisha wakuje huku taratibu, na mwisho wao uwe Kihesa, penye soko, supu na vitanda vya uhakika.

Kijana alisoma, akacheka kwa heshima, akanijibu kwa hoja, na hoja zake si za kitoto. Kwanza, alisema, watu hawalipi ili waanze na kusukuma. Pili, na hapa alinishika, mgeni anayetoka pwani au kwao Ulaya akapandishwa siku ya kwanza kutoka Usangu hadi karibu na Kitulo, kifua kitamkataa. Kuanzia Iringa kunamzoesha hewa pole pole, mita 1,600, kisha Njombe yenye karibu 2,000, ndipo 2,600. Sikulifikiria hilo. Sisi tulizaliwa kwenye hewa hii, na mimi nilipoandika "geuza njia" nilikuwa nikimwandikia yule kijana wa mwaka 1986 kuliko hao wageni. Nikaifuta sentensi, ingawa wino mwekundu haufutiki vizuri.

Tukakubaliana nusu nusu. Njia itabaki kama alivyoichora. "Kama ndege" imeondoka. Mahali pake ameandika kwamba kona hamsini na saba zitashukwa mmoja mmoja, kwa kuachana, kila mmoja akipiga kengele, na kwamba anayepanda apishwe hata kama itabidi mshukaji asimame na kushika baiskeli yake mkononi. Kengele nilizidai mimi. Baiskeli za wageni hazina, na yeye itabidi azinunue hapa sokoni azifunge mwenyewe. Kilele amekifuta kila mahali isipokuwa pamoja, alipopasahau. Maua ameyahamishia Februari, na ulanzi ameuandika kwa herufi kubwa.

Kundi la kwanza linatarajiwa baada ya mvua. Ameniomba niende kwa gari hadi Chimala siku ya saba, nipande kidogo kwa miguu, nisimame kwenye kona na kitambaa chekundu nikiwapunguza mwendo. Nimekubali. Yeye anataka nisimame huko juu, kona za kwanza, anakosema kuna mteremko mkali kuliko kwingine. Nimemwambia sitasimama huko. Nitasimama chini kabisa, kona ya tatu au ya nne kutoka mwisho, pale wanapoanza kuziona tambarare za Usangu.